Kusoma "Yatokanayo": shajara ya tathmini ya mafunzo ya watendaji wa vijiji, Mtwara na Lindi

Jumanne, 17 Juni 2025. Mtwara mjini

Kibali cha Katibu Tawala wa Mkoa kimetoka. Sasa zinafuata barua za wilaya, kisha za wakurugenzi, kisha za kata, na kila ofisi inataka nakala yake yenye muhuri wa ofisi iliyotangulia. Bahasha ya kaki imeshanona.

Kwa atakayeanza kufuatilia hapa: mwanzoni mwa mwaka jana watendaji wa vijiji na kata kutoka halmashauri kadhaa za mikoa hii miwili walikaa darasani juma zima. Walifundishwa majukumu ya mtendaji, kuendesha vikao, kuandika mihtasari, kuwasomea wananchi mapato na matumizi, na kukusanya ushuru kwa mashine ya posi. Mteja wangu aligharamia, na sasa anataka kujua fedha zake zimezaa nini. Nilipomwomba taarifa alizonazo, akanitumia jedwali la kuridhika kwa washiriki. Karibu wote wameridhika sana.

Siwalaumu. Ile fomu ilijazwa Ijumaa mchana, siku ya kufunga. Ukimpa mtu karatasi ya kuyahukumu mafunzo huku mhasibu ameshakaa meza ya nyuma na orodha ya kusainia posho, utapata "nimeridhika sana" mpaka kwenye swali la usafi wa choo.

Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika makala zake kuhusu tathmini ya mafunzo mwaka 1959, alipanga ngazi nne: mshiriki ameyapokeaje mafunzo, amejifunza nini, amebadilika vipi kazini, na taasisi imepata nini. Jedwali la mteja limesimama ngazi ya kwanza. Hadidu za rejea zinadai ya nne. Mimi nitaweka kambi ya tatu, maana hapo ndipo nina uhakika wa kupata kitu cha kushika mkononi.

Ijumaa, 20 Juni

Tatizo lililoninyima usingizi tangu nisaini mkataba: hakuna takwimu za kabla ya mafunzo. Hakuna aliyepita vijijini kuangalia watendaji wanafanyaje kazi kabla ya kuwaita darasani. Hili ni ugonjwa wa kawaida wa miradi yetu. Mtathmini huitwa mkeka ukishakunjwa.

Lakini kijiji kina kumbukumbu zake. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, hukutana kila mwezi. Katibu wa vikao hivyo ni mtendaji wa kijiji. Kwa hiyo katika kila ofisi ya kijiji linatakiwa kuwepo daftari, mara nyingi kaunta buku lenye jalada gumu, ambalo ndani yake mtendaji ameandika mihtasari ya kabla ya mafunzo na ya baada, kwa mkono wake, bila kujua kwamba siku moja nitakuja kuisoma. Dodoso haliwezi kunipa ushahidi wa namna hiyo.

Nimewaandikia wasaidizi wangu wawili: tunabadilisha mpango. Mahojiano yanabaki, mijadala ya vikundi inapungua, madaftari yanakuwa ndiyo kazi.

Ijumaa, 27 Juni

Hakuna kilichofanyika. Halmashauri zote zinafunga mwaka wa fedha, na anayekwenda kumsumbua ofisa utumishi tarehe hizi ajilaumu mwenyewe. Nimekula ming'oko sokoni, nimejaribu dodoso kwenye KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu kwa simu, bila mtandao, limekubali.

Alhamisi, 3 Julai. Newala

Baridi ya juu huku haikumbukwi mpaka uikute. Tumepanda kwa njia ya Tandahimba: lami mpaka Mnivata, halafu vumbi la ujenzi.

Julai ni mwezi wa salfa. Mikorosho inatoa maua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huuzuia, unasubiri uzembe tu. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri wakati umande ungali juu ya majani, kwa hiyo asubuhi yote mabomba yananguruma mashambani na ofisi ya kijiji imefungwa. Mtendaji naye ana shamba. Zaidi ya hapo, yeye ndiye anayeshikwa koo kwenye orodha za wakulima na mgao wa pembejeo. Tumepanga kuanza mahojiano saa nne.

Kijiji cha kwanza sitakitaja. Ofisi ina meza moja, benchi mbili, kabati la bati. Mtendaji, dada wa miaka thelathini na kitu, alitukaribisha vizuri, akasema mafunzo yalikuwa mazuri sana, wali kuku kila siku, cheti kipo nyumbani. Nikamwomba daftari la vikao. Akasita kidogo, akalitoa chini ya mafaili ya migogoro ya ardhi.

Mihtasari ya mwaka 2023 inafanana yote: kufungua kikao, taarifa ya mwenyekiti, kisha "Mengineyo" inayomeza kurasa mbili. Katika Mengineyo ya kikao kimoja: "Mjumbe aliongelea mbuzi wanaokula mihogo. Kikao kilisema wenye mbuzi waambiwe." Waambiwe na nani? Mwezi uliofuata mbuzi wamerudi kwenye Mengineyo ileile, kwa maneno yaleyale karibu. Na mwezi wa tatu wake tena.

Kisha unafika kikao cha kwanza baada ya mafunzo, na mwandiko ni uleule lakini ukurasa umepangwa upya. Ajenda ya pili: "Yatokanayo na kikao kilichopita." Chini yake kuna mlinzi wa zahanati. Imeandikwa kwamba mwenyekiti wa kitongoji fulani akusanye michango ya kaya kabla ya kikao kijacho. Kikao kijacho, Yatokanayo: imepatikana nusu, ameongezewa mwezi. Kinachofuata: mlinzi ameanza kazi, suala limefungwa.

Nilimwonyesha. Akacheka, "Kaka, hata sikujua kama nimebadilika hivyo."

Ijumaa, 4 Julai. Newala

Mambo mawili ya kitaalamu, na moja limetugombanisha.

Kila azimio tunalolikuta daftarini tunaliuliza maswali manne: kuna kitendo kilichotajwa? kuna mhusika? kuna tarehe au muda? na kikao kilichofuata kimelirudia kueleza limefikia wapi? Mimi na msaidizi mmoja tunasoma kurasa zilezile kila mtu kivyake, kisha tunalinganisha. Tulikofarakana ni kwenye "serikali ya kijiji ifuatilie." Yeye anahesabu hapo mhusika yupo. Mimi nakataa. Watu ishirini hawawezi kuwa mhusika mmoja, na kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua kazi ya wote huishia kwa nani. Tumekubaliana: pasipo jina au cheo, mhusika hayupo. Kurasa za jana tumezipitia upya kwa kanuni hiyo.

La pili ni faragha. Madaftari haya yana kila kitu: ugoni, madeni, nani kamtukana mama mkwe, nani katuhumiwa kununua kangomba, yaani korosho za magendo nje ya mfumo rasmi. Hatupigi picha ya ukurasa wowote wenye shauri la mtu. Tunanakili muundo wa azimio tu, majina yanabaki ofisini kwao. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, hili lina nguvu ya sheria pia, ingawa ningelifanya hata bila hiyo. Mtendaji wa jana asingetufungulia daftari mara ya pili kama angetuona na simu juu ya kurasa zile.

Jumatano, 9 Julai. Tandahimba

Vijiji viwili leo, kata mbili tofauti. Watendaji wote wawili walikaa darasa moja, wakafundishwa na mkufunzi mmoja, na nikiangalia mitihani yao ya mwisho wa mafunzo hawakupishana. Kwa ngazi ya pili ya Kirkpatrick wote wamefaulu.

Daftari la kwanza limebadilika baada ya mafunzo na mpaka mwezi uliopita lipo vilevile. La pili lilibadilika kwa vikao vichache, kisha Yatokanayo ikaanza kuandikwa "Hakuna", kisha ikapotea kabisa na Mengineyo ikarudi kwenye kiti chake.

Niliuliza yule wa pili kwa upole, maana hakuna mtu anayependa kuonyeshwa daftari lake na mgeni. Kijana msomi, ana stashahada, anajieleza. Akanijibu hivi:

"Bosi, nimeandika ile ya kufundishwa, nikapeleka kwa mtendaji wa kata. Hakuisoma. Nikapeleka tena. Akaniambia nisimjazie meza, taarifa anayoitaka ni ya makusanyo tu. Sasa niandike kurasa nne kila mwezi nimsomee nani?"

Yule wa kwanza, ambaye kata yake ni ya jirani, akaniambia kinyume chake bila kuulizwa. Mtendaji wake wa kata, mama mmoja mkali kweli, hukusanya nakala za mihtasari kila mwezi, na akikuta azimio halina mhusika huirudisha na kalamu nyekundu. "Mama yule ukimpelekea 'wananchi wahamasishwe' anakuuliza: wahamasishwe na nani, mimi?"

Nikaenda kumwona huyo mama jioni. Shikamoo yangu aliipokea akiwa amesimama. Hakuhudhuria mafunzo yale; wakati huo alikuwa na msiba. Mihtasari anaidai kwa sababu aliwahi kuitwa kwenye kikao cha baraza la madiwani akaulizwa kuhusu mradi wa kijiji, hakuwa na karatasi ya kujitetea.

Haya mazungumzo matatu ya leo yana uzito kuliko dodoso zima.

Jumanne, 15 Julai. Nanyamba

Fupi. Posi. Tumeuliza kila mtendaji kama anaweza kutoa risiti kwa mashine, kisha tukamwomba atuonyeshe. Wengi hawana mashine ya kutuonyesha: ipo kwa mwenzake wa kijiji jirani, imerudishwa halmashauri, chaji haikai. Ukimfundisha mtu kutumia kifaa asichonacho, baada ya mwaka hutapima mafunzo, utapima stoo. Nitaliandika hivyohivyo kwenye ripoti, kwa lugha ya adabu zaidi.

Alhamisi, 17 Julai. Nanyamba

Kuhusu dodoso, kwa kuwa mwenzangu mmoja wa Dodoma ameniuliza kwa nini nauliza maswali "ya nyuma".

Ukimuuliza mtu kabla ya mafunzo anajua kiasi gani kuandaa taarifa ya mapato na matumizi, atajipa alama nne kati ya tano, kwa kuwa anajipima kwa kile anachokijua. Ukimuuliza baada ya mafunzo atajipa nne tena au hata tatu, kwa kuwa sasa ameona upana wa kazi yenyewe. Ukilinganisha alama hizo utasema mafunzo hayakumsaidia, au yamemrudisha nyuma. Njia mojawapo ya kulikwepa hilo ni kumuuliza yote mawili leo: sasa uko wapi, na ukiangalia nyuma, kabla ya darasa ulikuwa wapi kwa kipimo hikihiki? Ina udhaifu wake, kwani mtu hupenda kuonekana ameendelea, hasa mbele ya anayemdhania ni mjumbe wa mfadhili. Ndiyo maana majibu hayo siyatumii peke yake. Nayaweka kando ya daftari. Anayejipa tano kwenye mapato na matumizi wakati mikutano mikuu yake yote imeandikwa "umeahirishwa, akidi haikutimia", alama yake naijua thamani.

Lakini nisiwe mkali mno. Mkutano mkuu kutotimia akidi si kosa la mtendaji peke yake. Mwezi wa minada ya korosho watu wanaangalia malipo ya chama cha msingi, mwezi wa salfa wako shambani, na kijiji ambacho mapato na matumizi hayajasomwa kwa muda mrefu watu wake hawaoni sababu ya kuja.

Jumamosi, 19 Julai. Mtwara mjini

Mteja amepiga simu. Anataka pasenti: ni asilimia ngapi ya watendaji "wameboreka"? Nimemweleza kuhusu kata mbili za Tandahimba. Kimya kidogo, kisha: "Lakini sisi hatukufundisha watendaji wa kata namna ya kusimamia, sisi tulifundisha watendaji wa vijiji." Watendaji wa kata walikuwemo darasani, wengi wao, lakini walifundishwa mambo yaleyale ya kuandika. Hakuna kipindi kilichowaambia: ukirudi, dai nakala kila mwezi, na ukiipata isome.

Nimemwahidi kwamba pasenti zitakuwepo, pamoja na jedwali la kuonyesha zinatokea kata zipi. Akitaka namba moja ya kuweka kwenye jalada la ripoti, atalazimika kuichagua mwenyewe. Hapa kwenye shajara sitoi namba kabla hajaziona.

Alhamisi, 24 Julai. Lindi, upande wa Mtama

Vijiji vya kulinganisha, yaani ambavyo watendaji wake hawakuitwa darasani. Nilivihofia tangu mwanzo. Waliokwenda mafunzoni hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu: kuna halmashauri ilipeleka waliokuwa karibu na barabara, nyingine ilipeleka wanaosumbua ili wakanyooshwe. Kwa hiyo kila tofauti ninayoiona kati ya makundi mawili ina mashaka ndani yake, na lazima nilinganishe daftari na historia yake lenyewe kwanza, ndipo nilinganishe na la jirani.

Leo limetokea la kufurahisha. Kijiji ambacho hakikupata mafunzo kabisa, na mihtasari ni ya kupigiwa mfano kuanzia Desemba 2024. Yatokanayo ndefu, majina yapo, muda upo. Msaidizi wangu alidhani tumekosea orodha.

Maelezo alitupa mwenyekiti, mwalimu mstaafu, tukiwa barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kukagua?"

"Hapana mzee, tunajifunza tu."

"Basi jifunzeni."

Alichaguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024. Kikao chake cha kwanza alimwambia mtendaji kwamba hatasaini muhtasari usioonyesha nani anafanya nini. Mtendaji akalalamika kwamba hajafundishwa. Mzee akamwandikia mfano ubaoni, wakati wajumbe wote wakitazama. Kijana yule, na hili amelisema mwenyewe tulipokuwa wawili, aliona aibu kwa juma moja, baada ya hapo akazoea.

Kwa upande wa takwimu, uchaguzi ule ni balaa. Katikati ya mafunzo na tathmini yangu, wenyeviti wa vijiji wamebadilika sehemu nyingi. Daftari likibadilika baada ya Novemba siwezi kusema ni darasa au ni mwenyekiti. Nimeamua kuugawa muda mara tatu: kabla ya mafunzo, kati ya mafunzo na uchaguzi, na baada ya uchaguzi. Kipande cha katikati ndicho safi zaidi kwa swali la mteja. Cha mwisho kina faida nyingine: kinaonyesha kinachotokea anayedai kazi akibadilika huku anayeifanya amebaki yuleyule.

Jumatano, 6 Agosti

Maofisa wote niliowahitaji wako viwanja vya Ngongo, Lindi, kwenye maonyesho ya Nane Nane. Nimewafuata hukohuko. Mahojiano mazuri kuliko ya ofisini, nyuma ya banda la halmashauri moja, ofisa utumishi amekaa juu ya kreti la soda. Kwa maneno yake, OPRAS, ile fomu ya karatasi ya kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilikuwa inajazwa Juni yote kwa mkupuo, na sasa kuna PEPMIS, mfumo wa kompyuta uliochukua nafasi yake, ambamo msimamizi lazima aingie kwenye mfumo kuidhinisha kazi za anayemsimamia. Nikamuuliza kama muhtasari wa kijiji unaweza kuwekwa humo kama kazi ya kila mwezi ya mtendaji. Akafikiri. "Unaweza. Hakuna aliyeniomba."

Jumanne, 12 Agosti. Mtwara mjini

Kikao cha mrejesho, maofisa utumishi wa halmashauri tulizopita na watendaji wa kata wachache. Yule mama wa Tandahimba amekuja na mfuko wa nakala zake.

Niliweka ukutani mihtasari miwili ya kutunga, isiyo ya kijiji chochote, mmoja wa Mengineyo na mmoja wa Yatokanayo, nikanyamaza. Mjadala ukaanza wenyewe. Ofisa mmoja alikuja juu: watendaji wa kata wana mzigo mkubwa, sensa ni wao, chanjo ni wao, madawati ni wao, wasipewe na kalamu nyekundu. Ana hoja, na nimeiandika ndani ya ripoti kama alivyoisema. Mwingine akapinga kwamba kusoma kurasa mbili kwa kila kijiji kila mwezi hakumalizi hata asubuhi moja. Mama akaunga mkono kwa kuupiga mfuko wake.

Waliloafikiana ni dogo: kwenye mafunzo yajayo watendaji wa kata waitwe siku moja kabla ya wenzao, wafundishwe kusoma na kurudisha muhtasari, na kila mtendaji wa kijiji aje na daftari lake halisi badala ya kufanyia zoezi karatasi ya mfano. Hili la daftari lilitoka kwa washiriki wenyewe. Kipindi pekee cha darasa la mwaka jana walichokikumbuka wote ni kile cha nusu siku ambacho mkufunzi aliwaambia waandike upya kikao chao cha mwisho. Vipindi vya utawala bora hakuna aliyenitajia hata kimoja.

Rasimu inakwenda kwa mteja Ijumaa. Kilichobaki ni Ruangwa, vijiji viwili ambavyo watendaji wake walihamishwa baada ya mafunzo: nataka kuona waliondoka na ujuzi wao au waliuacha kwenye daftari la waliowarithi. Kibali cha wilaya ninacho, cha mkurugenzi bado kinasubiri saini.